Kaburi la Kituo cha Nne

Mchanga ulikuwa kwenye sahani ya Tatu peke yake.

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, na watu watatu walikuwa wamekaa mkekani nyumbani kwa Rajabu Nandonde: yeye, mkewe Saida, na binti yao Tatu, mwenye miaka sita. Wali ulitoka sufuria moja. Samaki walitoka chungu kimoja. Tatu alitia tonge mdomoni, akatafuna, na wazazi wote wawili wakasikia: kacha.

"Mama, wali una mawe."

"Mchele nimeupepeta mwenyewe, nikauosha maji matatu," Saida alisema. "Mawe ya wapi tena?"

Rajabu alionja wali wake. Haukuwa na kitu. Akaonja wa mkewe. Haukuwa na kitu. Akachota kwenye sahani ya mtoto, na meno yake yakakanyaga mchanga wa pwani, ule mweupe wenye chumvi. Akaubeba wali ule nje, akawamwagia kuku. Kuku walikuja mbio, wakasimama hatua mbili kabla ya kuufikia, wakageuka.

Saida alimpakulia mtoto upya. Tonge la kwanza: kacha.

Namidondi ni mji mdogo wa pwani, kusini ya Mtwara, kabla hujafika mdomo wa Ruvuma. Una soko moja, msikiti wa kale ambao paa lake limeanguka, boma la Wajerumani ambalo mti umeota sebuleni, ghala la mawe karibu na ufukwe, na makaburi. Kwa miaka mingi watu wa hapo waliishi kwa korosho na mihogo, na magofu hayo waliyaona kama mahali pa kufichia mbuzi mvua ikinyesha. Halafu ukaja mradi wa utalii. Mradi ulimleta Irene, mratibu, kutoka Mtwara mjini, pamoja na vibao vya chuma. Vibao vilisimikwa katika vituo vitano. Kituo cha nne kilikuwa kaburi la mawe pembeni ya njia ya zamani inayotoka bara, na kibao chake kilisema: KABURI LA KIONGOZI WA MSAFARA, MYAO. Irene alikuwa amewauliza watu wa kijiweni, na watu wa kijiweni walikuwa wamejibu.

Rajabu ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni. Alijua tarehe, alijua Kiingereza cha kutosha, na alijua kuchekesha. Kituo cha nne tu ndicho kilichomsumbua. Wageni walikifikia jua limeshawachosha, wakaanza kutazama simu zao. Mwezi wa sita akapata dawa yake.

Yeye ni Mmakonde. Kibao kilisema marehemu ni Myao. Wamakonde na Wayao ni watani, na mtani ana haki ya kukutukana ukiwa hai na ukiwa maiti. Msibani anaweza kushuka kaburini akalala humo, akakataa kutoka mpaka apewe kitu, na hakuna anayekasirika, maana mtani yupo pale ili watu wapate kucheka na siku ipite. Basi Rajabu akaufanya utani kuwa sehemu ya ziara. Alipanda juu ya kaburi akalikanyagakanyaga.

"Wewe Myao! Amka! Wageni wamepanda ndege siku mbili kuja kukuona, na wewe umelala! Mlafi mkubwa, umemaliza panya wa njia nzima toka Masasi mpaka hapa, wenzio wakashinda na njaa! Bado hujashiba? Haya, fungua mdomo!"

Alichota mchanga, akautia kwenye ufa wa mawe. Wageni walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mwezi wa saba, shule zikiwa bado zimefungwa, alikwenda na Tatu. "Mlishe huyo mzee," alimwambia, na mtoto akachota mchanga kwa vidole vitatu, akautia kwenye ufa, akasema kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayemlisha mgonjwa, "Kula, bibi." Watu walivunjika mbavu. Irene alirekodi kwa simu, akaiweka mtandaoni iwe tangazo la mji.

Baadaye Rajabu alijiuliza kwa nini mtoto alisema bibi. Kibao kilisema kiongozi. Yeye mwenyewe alisema mzee.

Mchanga ulianza siku ya tisa baada ya hapo.

Wiki ya kwanza Saida alibadilisha duka la mchele. Wiki ya pili aliacha wali, akampikia mtoto uji wa muhogo, ukawa na mchanga. Ndizi iliyomenywa mbele ya macho yao ikawa na mchanga katikati. Chai iliacha mchanga chini ya kikombe. Tatu aliacha kulalamika. Alitazama chakula, akafumba mdomo. Mikono yake ikaanza kuonyesha mifupa.

Ikaja na harufu. Haikuja usiku. Ilikuja jua likiwa utosini, wakati mji mzima umeingia ndani na hata mbuzi hawasikiki: harufu ya utomvu ulioungua, yenye ukali kidogo kama ganda la ndimu. Rajabu aliitafuta jikoni, chooni, chini ya kitanda. Aliwauliza majirani wanachoma nini. Majirani walikuwa wamelala.

Siku moja wageni wake waliahirisha, akarudi nyumbani saa saba kasoro. Mlango ulikuwa wazi. Alipita ndani mpaka ua wa nyuma, na kwenye kivuli cha banda la jiko akamwona Saida amekaa kitako, amempa mgongo, amejifunga kaniki kama wanawake wafanyavyo wakienda shamba, na Tatu yuko mapajani mwake, na mkono wake unakwenda chini na kupanda, chini na kupanda, kwa utaratibu wa mtu anayelisha mtoto asiyetaka kula. Rajabu alifurahi. Alisema, "Leo anakula?" na ule mkono ukasimama hewani, na mwanamke yule, bila kugeuka, bila kushtuka, akauvuta upande wa kaniki akajifunika kichwa chote, akamlaza mtoto chini taratibu, akainuka akatoka kwa mlango wa uani, naye Rajabu akawa bado anajiuliza kwa nini mkewe ananuka utomvu na kwa nini nyayo zake hazisikiki kwenye vifuu vya nazi vilivyotapakaa pale, ndipo nyuma yake, kwenye mlango wa mbele, akasikia ndoo ikitua chini na sauti ya Saida ikisema:

"Umerudi mapema. Bombani leo foleni ilikuwa ndefu kweli."

Tatu alikuwa amelala chali, macho wazi. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Rajabu alimwingizia kidole mdomoni, akatoa mchanga, akatoa tena, akatoa tena.

Hospitali mjini Mtwara walimlaza siku tatu. Walimtundikia dripu, wakampiga picha ya tumbo, wakasema mtoto anakula udongo, jambo la kawaida damu ikipungua. Siku ya tatu walimpa uji wa hospitali. Muuguzi aliyeshika kijiko alisikia kacha, akakirudisha kijiko kwenye bakuli. Alasiri waliruhusiwa.

Waliporudi Namidondi, Rajabu alipitia dukani kwa Batulbai kununua glukosi, mtoto akiwa begani. Batulbai alikuwa amepita miaka themanini. Ukoo wa mumewe ulikuwa na duka pale tangu enzi za babu zao, nguo upande huu, misumari na mchele upande ule, na mwanawe Hussainali ndiye aliyekuwa akiuza sasa. Yeye alikaa kwenye kiti karibu na mlango, na kazi yake ilikuwa kujua habari za watu.

"Mlete hapa," alisema. Alimnusa Tatu kichwani. "Rajabu, kwako nani anachoma sandarusi?"

"Sandarusi ndiyo nini, bibi?"

"Wewe unatembeza Wazungu pale ghalani, na hujui ndani lilikuwa na nini?" Batulbai aligonga mkongojo sakafuni. "Utomvu wa miti ya zamani, baba. Ulichimbwa ardhini huko bara, ukaletwa hapa, wanawake wakauosha na kuukwangua, ukapakiwa kwenda Ulaya kutengeneza vanishi. Mimi nilipoolewa, miaka hiyo, kuta za ghala bado zinanuka. Hivi hivi. Kama kichwa cha huyu."

Rajabu alimweka mtoto kwenye bega la pili.

"Bibi yake mume wangu alinihadithia," Batulbai aliendelea, na safari hii alipunguza sauti. "Kabla sisi hatujalipanga lile ghala palikuwa na tajiri mwingine. Alikuwa na mwanamke mtumwa, Mmakonde, ametolewa juu kule uwandani. Siku moja kipande cha sandarusi hakionekani. Wakamwambia, umekificha mdomoni, fungua. Hakufungua. Kwa jeuri au kwa woga, nani anajua? Wakasema, kama hutaki kufungua basi tutakujazia. Wakamjaza mchanga mpaka akafa. Kipande kilikuwa nyuma ya gunia. Wakamzika njia ya bara, mbali na watu, wakamrundikia mawe asitoke."

"Njia ya bara," Rajabu alisema. "Pale kwenye kaburi la Myao?"

"Myao gani? Ndiye huyo. Mwanamke. Mmakonde mwenzio."

Hussainali aliacha kupima sukari. Rajabu alisahau glukosi juu ya meza ya duka, akatoka. Mmakonde hana utani na Mmakonde. Miezi yote ile hakuwa akimtania mtu. Alikuwa akimtukana.

Aliyewapeleka kwa fundi wa mizimu alikuwa Selemani, dereva wa bajaji, Myao wa kweli kutoka Tunduru. Kwa kawaida yeye na Rajabu hawakuweza kukutana bila kurushiana maneno.

"Nilikuuliza," Selemani alisema bila kugeuza kichwa, bajaji ikiruka mashimo. "Nilikuuliza, huyo ndugu yetu mmemtoa wapi? Sisi hatuzikwi pembeni ya barabara kama nguzo ya simu. Ukaniambia nina wivu."

"Nyamaza, Sele."

"Nanyamaza. Ila Wamakonde mna kazi. Mmekosa wa kutukana mpaka mnatukanana wenyewe." Alitazama kwenye kioo, akamwona Tatu mapajani mwa mama yake, na utani ukamwishia.

Bi Somoe, fundi mwenyewe, alikaa Likombe, mjini Mtwara, nyumba ya bati yenye televisheni na mapazia safi. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini, mwenye sauti ya mwalimu. Aliwaketisha chumba cha pembeni, saa nne asubuhi, madirisha wazi. Alifukiza ubani, akamsomea mtoto, akamnywesha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Kombe lilipofika kooni likatoa sauti ya mchanga. Bi Somoe hakuacha kusoma. Dakika kumi zikapita, halafu kutoka kwenye kile kifua cha mtoto ikatoka pumzi ndefu ya mtu mzima aliyebeba mzigo mbali.

"Nani mwenzetu?" Bi Somoe aliuliza.

Sauti ilijibu kwa Kimakonde. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu ambaye mdomo haujamkaa sawa. Ilisema imechoka.

"Kwa nini unamtesa mtoto?" Rajabu alidakia.

Papo hapo Tatu aliivuta khanga ya mama yake, akajifunika kichwa, akageukia ukuta. Sauti ikakatika.

Bi Somoe alimtuma Rajabu nje. Sauti ikarudi, ikaongea. Akamwita Rajabu ndani. Khanga ikapanda kichwani, uso ukaenda ukutani. Akamtoa tena, akamwita tena. Ikawa vile vile.

"Nimekaa na majini na mizimu miaka thelathini," alisema taratibu. "Yapo yanayotukana, yapo yanayotaka marashi, yapo yanayotaka kuolewa. Sijaona hata moja linalomwonea haya mwanamume." Alimtazama Rajabu, kisha akamtazama Saida. "Mzimu huu unamheshimu mumeo. Kwa nini?"

Saida alikuwa ameshaelewa. "Muulize jina."

"Nantunda," ilisema sauti chini ya khanga.

Saida alijishika mdomo. Nantunda lilikuwa jina la nyumbani la Tatu, lile ambalo mama yake Saida alimpa mjukuu siku ya arobaini. Lilikuwa jina la bibi yake Saida, na la bibi wa bibi huyo. Lilipita kwa wanawake tu. Wa kwanza kuwa nalo, walivyosimuliwa, alichukuliwa shambani akaacha mtoto mchanga kwenye kivuli cha mtama. Hakurudi. Ukoo mzima ulitokana na mtoto yule.

Rajabu hakuwa amemtukana Mmakonde mwenzake tu. Alikuwa amemtukana mkwe.

Mama yake Saida, aliyeko Newala, alikuwa bado hai, na kwa miaka minane ya ndoa Rajabu hakuwahi kukaa naye mkeka mmoja. Akikutana naye njiani, hutoka njiani. Akipiga simu, humpa Saida. Jina lake halitamki. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na mwanamke aliyelala chini ya mawe yale alilelewa vivyo hivyo. Na Rajabu alikuwa amesimama juu yake kwa viatu, akamwita mlafi mbele za watu.

"Siwezi kusema naye," alisema. "Wala yeye hawezi kusema na mimi."

"Atafutwe mtu wa katikati," Bi Somoe alisema. "Mtani."

Wakamwita Selemani kutoka kwenye bajaji. Aliingia ameshika kofia, akachuchumaa mlangoni.

"Bibi," alisema, "mimi ndiye Myao. Wamekuandika kabila langu bila kuniuliza. Ningejua ningekudai kodi ya jina."

Chini ya khanga kikatoka kicheko. Kilikuwa kicheko cha mwanamke mzima, kirefu, na kikaisha ghafla. Saida alianza kulia bila sauti.

"Bibi, mkweo amekosa," Selemani aliendelea, na sasa alikuwa akinong'ona. "Hakujua. Anaomba radhi. Mwachie mtoto."

"Alinipa mchanga," sauti ilisema. "Waliokuwa kabla yake walinipa mchanga, lakini hao hawakuwa watu wangu. Yeye aliuweka mkononi mwa mjukuu wangu. Nikala, maana mkono wa mjukuu siwezi kuukataa. Sasa na yeye mtoto anakula mkononi mwangu."

"Muulize," Rajabu alisema akitazama sakafu, "kwa nini asinipige mimi? Mkosaji ni mimi."

Selemani aliuliza.

"Mkwe hamgusi mkwe," ilijibu. "Hamtazami. Hamtaji jina. Mimi najua adabu."

"Basi sema unachotaka, bibi."

"Alinitukana mbele za watu. Aombe radhi mbele ya hao hao. Wote. Asibaki hata mmoja aliyecheka."

Rajabu alitoka barazani akampigia Irene. Irene alikuwa na furaha. "Ile video? Imeshatazamwa mara laki mbili na kitu! Wabrazili ndio wanaipenda. Kwa nini, umeona maoni yao?"

"Ifute."

"Rajabu, una nini?"

"Ifute, Irene."

"Nitaifuta, sawa, lakini watu wameshaichukua. Wengine wameitia muziki. Siwezi kuwafuata kwao."

Alirudi ndani akamnong'oneza Selemani. Selemani alieleza kadiri alivyoweza, kwa Kiyao na Kimakonde na Kiswahili, kwamba watu ni wengi kama siafu na wako ng'ambo, na kwamba hata sasa hivi, wakati wanaongea, huenda kuna mtu anacheka. Aliposema hivyo harufu ya sandarusi ilijaa chumbani mpaka Bi Somoe akaziba pua.

"Nasikia," sauti ilisema. "Kila mmoja namsikia." Kisha ikasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko yote: "Basi asiwe mkwe wangu. Tusi la mgeni ni tusi la mgeni, mtoto nitamwachia. Tusi la mkwe siwezi kulala nalo. Wanangu warudi kwetu. Aache mke."

"Sitaki!" Saida alisema. "Mwambieni sitaki!"

Bi Somoe aliushika mkono wa Tatu, akaupandisha ili Saida auone. Mkono ulikuwa mwembamba kama mwiko. Saida aliutazama muda mrefu.

"Nikiandika talaka moja?" Rajabu alimuuliza Bi Somoe kwa sauti ya chini. "Moja si naweza kurejea kabla ya eda kwisha?"

"Huyu hakusoma chuo cha Kurani," Bi Somoe alisema, "lakini si mjinga. Ukimpunja atajua."

Rajabu alimgeukia mkewe. Walitazamana. Walikuwa wamekutana Chikongola, sokoni, wakigombea jozi moja ya viatu vya mtumba, na viatu hivyo hakuna aliyevivaa kwa sababu vyote viwili vilikuwa vya kushoto.

"Sema," Saida alimwambia. "Sema kabla sijakuzuia."

Alisema mara tatu, mbele ya Selemani na Bi Somoe. Sauti yake ilikatika kwenye ya pili, akairudia.

Tatu alikohoa. Alikohoa mpaka akapiga magoti, akatapika mchanga mweupe mkavu, kiasi cha kujaza kibaba, na nyuma ya mchanga yakaja mate, na nyuma ya mate kilio cha mtoto wa miaka sita.

"Mama, nataka chai."

Walimpa chai na andazi. Watu wazima wanne walikaa wakisikiliza meno yake. Hayakutoa sauti yoyote. Aliomba andazi jingine.

Saida hakurudi Namidondi. Siku ile ile, saa nane, alipanda basi la Newala kwenda kwa mama yake, Tatu amelala mapajani.

"Nitakuja kumwona," Rajabu alisema dirishani.

"Utakuja kama nani?" Saida aliuliza. Hakuwa akimsuta. Alikuwa anauliza kweli. Basi likaondoka.

Siku ya tatu Saida alipiga simu asubuhi. Tatu alikuwa amekula kisamvu, amekula wali, amepigana na binamu yake. Rajabu alicheka peke yake sebuleni. Alifagia nyumba, akaanua nguo ndogo zilizobaki kwenye kamba, akazikunja. Mwanangu yuko hai, alijiambia. Mengine yatapangwa. Saa sita na nusu alisonga ugali, akakaa mkekani, mlango wa mbele wazi ili upepo uingie.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamke.

"Karibu," alijibu, kama mtu yeyote angejibu, huku akinawa.

Harufu ilifika kabla yake. Rajabu alishusha macho kwa mazoea, akaona miguu ikivuka kizingiti, mikavu, yenye vumbi la njia. Haikuzunguka uani. Haikusimama mlangoni. Ilikuja moja kwa moja mpaka mkekani, na mwanamke wa kaniki akaketi mbele yake, goti likikaribia goti, mahali ambapo mkwe hakai. Mikono yake aliiweka juu ya mapaja. Kucha zilikuwa zimeliwa na kukwangua, na katikati ya vidole utomvu wa manjano ulikuwa umeganda. Rajabu aliitazama mikono ile kwa sababu alijua kwamba akiinua macho kitakachofuata hakitakuwa na mtu wa katikati, hakitakuwa na Selemani wala khanga wala ukuta wa kugeukia, na akakumbuka, akiwa amechelewa, kwamba miezi yote ile mwanamke huyu hakuwa amemgusa kwa sababu moja tu, na sababu hiyo yeye mwenyewe ameivunja kwa mdomo wake, mara tatu, mbele ya mashahidi.

"Rajabu," alisema mwanamke. Lilikuwa jina lake, limetamkwa wazi, taratibu, kama mtu anayejaribu neno alilokatazwa.

Mikono ikapanda. Kaniki ikaanza kushuka kutoka kichwani.

"Mimi na wewe sasa si chochote," alisema. "Nitazame."